Kitanda Kisichopoa

Mtaani kwao walikuwa wakisema kitanda cha Mama Vifungo hakipoi. Wasiomjua walidhani ni tusi, wakacheka wakiziba midomo. Waliomjua walijua ni ukweli mtupu. Mama Vifungo alikuwa mshonaji kwenye karakana ya sare za shule, upande wa vifungo, na kazi yake ilikuwa ya mchana. Mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la saruji, na majirani walimwita Popo bila hata kumficha. Mke akitoka asubuhi, mume anaingia, shuka analikuta bado lina joto. Mume akitoka jioni, mke anarudi. Mambo yalikwenda hivyo miaka ishirini na sita.

Utauliza, kwani mlinzi hana siku ya mapumziko? Alikuwa nayo, Jumatano, akaitoa kulinda duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu watoto walikuwa wanasoma. Watoto walipomaliza shule, mazoea yalikuwa yameshaota mizizi, na mazoea yana taabu. Na hao watoto wawili walipatikanaje? Hilo waulizeni wanaopenda kuuliza. Mafua yapo duniani, na ruhusa ya ugonjwa ipo.

Nyuma ya mlango wao, kwenye msumari, palining'inia daftari la shule na penseli iliyofungwa kwa uzi wa cherehani. Humo ndimo ndoa ilimokaa. Popo aliandika: "Gesi inaelekea kwisha. Fundi bomba amekuja, ameondoka, bomba bado linavuja. Hali shwari." Au: "Binti ana homa, nimempa dawa saa tisa. Hali shwari." Kila alichoandika kiliishia hapo, kwa sababu ndivyo alivyofunga kitabu cha zamu kazini kila alfajiri: tarehe, saa, hali shwari, sahihi. Mama Vifungo alijibu kwa neno moja, "Nimeona," akaongeza la kwake kama lipo. Daftari likijaa, linapanda juu ya kabati ndani ya boksi. Mwaka huu yalikuwa yametimia thelathini na nane.

Kuonana kwa macho kulikuwa kwa dakika nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye kona ya bomba la maji la mtaa, yeye akienda, mume akirudi.

"Umeamkaje?"

"Salama. Wewe?"

"Salama. Uji upo kwenye chupa."

Kisha mkono wa Mama Vifungo ulikwenda kwenye shati la sare la mumewe na kufunga kifungo cha juu, ambacho kila asubuhi kilikuwa wazi. Hakuwa na nia yoyote. Mtu aliyeshona vifungo nusu ya umri wake hawezi kuona tundu tupu akapita. Akishafunga, kila mmoja anashika njia yake.

Sasa Popo alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Karakana nayo ilikuwa imeleta mashine inayoshona vifungo mia wakati mtu anatafuta tundu la sindano, kwa hiyo Mama Vifungo na wenzake wanne walikuwa wanaagwa mwezi huohuo. Wanawake wa karakana walimshangilia. "Hongera, mwenzetu! Sasa mumeo utampata mzimamzima!" Naye akajibu, "Kabisa," akainamisha kichwa kwenye kola aliyokuwa nayo mkononi.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa sana. Mwandiko wa mumewe aliujua kuliko uso wake. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye kitanda amekilalia, kunguni anawajua mmoja mmoja, asiyemjua ni mwenzake. Alijaribu kuwaza mchana mrefu sebuleni na mwanamume yuko macho, amekaa kwenye kiti, anamwangalia. Watazungumza nini? Gesi?

Basi akapanga lake. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alikuwa mjamzito na alimwomba mama yake akakae naye miezi mitatu atakapojifungua. Mama Vifungo aliitikia miezi mitatu kwa mdomo. Moyoni aliitikia moja kwa moja: akienda, harudi tena. Hapakuwa na ugomvi wala kinyongo. Angekwenda tu, na Popo angebaki na nyumba na msumari wake. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Ni binti huyohuyo, na mume wake, waliowaletea zawadi ya kustaafu: siku nne kwenye hoteli ndogo ya ufukweni. "Mkapumzike, Mama," binti alisema kwenye simu. "Mkae na Baba. Mkaongee." Mama Vifungo alikata simu akasema peke yake, "Haya. Nitamwambia hukohuko."

Wakafika saa kumi jioni, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi. Chumba namba saba kilikuwa na kitanda kipana, shuka jeupe lililonyooshwa mpaka unaogopa kulikalia, kibaraza chenye viti viwili, na mbele ya kibaraza mchanga, na mbele ya mchanga bahari yenyewe. Mama Vifungo alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akasema, "Jamani." Hakuwahi kuona maji mengi namna ile yasiyo na mwenyewe.

Popo hakuiona bahari. Alikuwa anajaribu kitasa. Alikizungusha mara tatu, akapima komeo la dirisha, akainama chini ya kitanda na kurunzi yake, akatoka nje kumwuliza dada wa mapokezi ufunguo wa akiba unakaa kwa nani na ndoo ya mchanga wa moto iko wapi.

"Mzee, hapa ni salama kabisa," dada alimwambia.

"Hivyo ndivyo wanavyosema wote," Popo akajibu kwa upole. "Ndoo iko wapi?"

Chakula cha jioni walikaa meza moja, uso kwa uso. Wangelikuwa wageni wawili ndani ya treni wangeulizana angalau wanatoka wapi. Hawa wao walijua kila kitu, kwa hiyo hawakuwa na la kuuliza.

"Chumvi," alisema Popo.

"Hiyo hapo."

Yakaisha. Mhudumu aliyewaangalia kutoka mlango wa jikoni aliamini wana ugomvi mkubwa, kwani kimya kingi kina mshindo mkuu. Akawaletea ua jekundu kwenye glasi, akaliweka katikati ya meza, akamkonyeza Popo kumtia moyo. Popo alilitazama ua lile, akalisogeza pembeni kwa adabu lisimzibe kuona mlango wa kutokea.

Asubuhi Mama Vifungo aliamka na upande wa pili wa kitanda haujaguswa. Kwenye saa kumi na mbili na nusu mlango ukafunguliwa, mumewe akaingia na viatu mkononi. Usingizi ulikuwa umemkataa, akaenda kukaa na mlinzi wa hoteli getini mpaka kukakucha. "Mtu mwema," alisema akivua shati, "ila anasinzia zamu." Akajitupa kitandani, mahali palepale mkewe alipokuwa ametoka. Kabla mke hajavaa ndala, mume alikuwa anakoroma.

Yaani wamesafiri siku nzima, wamevuka madaraja na mizani, kumbe wameibeba zamu yao mkobani.

Haya, Mama Vifungo hakukaa kulia. Alijifunga kitenge chake kipya akaenda ufukweni peke yake. Mtunza bustani wa hoteli, kijitu chembamba chenye kofia ya majani, alikuwa anaandika kwa chaki kwenye ubao: "Bahari leo: shwari." Mama Vifungo alicheka kwa pua. Hata huku! Akakaa kwenye kiti cha kulala, akaletewa dafu, akaingia majini mpaka magotini, akashtuka wimbi lilipovuta mchanga chini ya nyayo zake, akarudi tena. Tuseme kweli, alifurahi. Alikuwa hajawahi kukaa asubuhi nzima bila sindano mkononi. Wanawake wawili wa viti vya jirani walimwuliza, "Umekuja na mzee?"

"Nimekuja naye."

"Yuko wapi?"

"Amelala."

Wakatazamana. Alijua wanavyofikiri, akawaacha wafikiri.

Siku ya pili ikawa pacha wa ya kwanza, isipokuwa jambo moja. Kabla ya kutoka chumbani aliona karatasi za hoteli na kalamu juu ya meza, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukaandika: "Nimekwenda ufukweni. Chai ipo kwenye chupa." Aliporudi saa saba mume alikuwa bafuni, na chini ya maneno yake palikuwa na mwandiko anaoujua: "Nimeona. Maji ya bomba yana chumvi kidogo. Taa ya barazani imeungua, nimewaambia. Hali shwari."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Lakini hasira hiyo ikampa wazo. Kama kwa mdomo hawezi, mbona njia ipo? Njia ya miaka yote.

Asubuhi ya tatu upepo uliamka mkali. Ubao wa mtunza bustani ulisema: "Bahari leo: imechafuka. Msioge." Popo alikuwa amekwisha kurudi kutoka getini na kulala, mkono mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Mama Vifungo aliketi mezani, akaandika, akachana, akaandika tena. Mwisho yakabaki haya: "Baba Watoto, ukistaafu mimi nitahamia kwa binti yetu. Si miezi mitatu, ni moja kwa moja. Hujanikosea. Ila sikujui ukiwa macho, na ninaogopa kuanza leo." Akaiweka karatasi chini ya kurunzi, mahali ambapo hangekosa kuiona, akatoka.

Alikaa kwenye ukumbi wa kulia, mbali na upepo, kikombe mbele yake. Chai ikapoa, mhudumu akaleta nyingine, ikapoa nayo. Alipoona saa saba imefika akarudi chumbani.

Popo alikuwa amekaa kwenye kibaraza, amevaa kamili, viatu vimefungwa kamba, mikono juu ya magoti. Hakugeuka. Mama Vifungo aliingia ndani akaichukua karatasi. Chini ya maneno yake yote palikuwa na mstari mmoja.

"Nimeona. Hali shwari."

Wapo wanawake wangelia. Mama Vifungo alikwenda kibarazani na karatasi mkononi.

"Hii ni nini?"

"Nimejibu."

"Umejibu? Mkeo anakwambia anahama, wewe hali shwari? Shwari ipi? Hebu nionyeshe!" Akanyoosha mkono kwenye bahari iliyokuwa inajirusha na kutoa povu. "Ile pale shwari? Mimi miaka ishirini na sita nasoma shwari, shwari. Mtoto ana homa, shwari. Mama yako amefariki, umeandika nini? Amefariki saa nane, hali shwari! Wewe ni mtu au muhuri?"

Popo aliinama, akakaza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea. Kisha akazungumza akitazama viatu vyake.

"Kazini kuna maneno mawili tu ya kuandika," alisema. "Hali shwari, au tukio. Ukiandika tukio huondoki. Unamsubiri msimamizi, anafika saa mbili. Unatoa maelezo, unaandika upya, unaweka sahihi. Unatoka saa tatu, saa nne."

"Sasa?"

"Sasa wewe saa kumi na mbili na nusu unapita bombani."

Mama Vifungo aliishusha karatasi.

Popo aligeuza kiganja chake cha kushoto. Palikuwa na kovu refu, kutoka kwenye kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Mke alilijua. Lilikuwa na ukurasa wake ndani ya daftari: "Nimejikata kidogo na bati. Nimefunga. Hali shwari."

"Halikuwa bati," alisema Popo. "Waliruka ukuta watatu, mmoja ana panga. Nililidaka. Nilipiga kelele, wakakimbia, hawakuchukua hata mfuko mmoja. Nikafunga mkono kwa fulana, nikaosha sakafu. Kitabu kikawa mbele yangu. Nikasema, nikiandika tukio, leo simwoni. Nikaandika shwari. Ulinifunga kifungo siku ile, hukuona. Mkono nilikuwa nimeuficha mfukoni."

Upepo ulibamiza dirisha la chumba cha jirani. Hakuna aliyeinuka kwenda kulifunga, hata Popo.

"Lakini pale bombani," Mama Vifungo alisema polepole, "si ndiyo njia yako?"

"Ya bombani? Hapana. Ya sokoni ndiyo fupi. Ya bombani inazidi kwa dakika kumi na tano, na kilima juu."

"Miaka yote?"

"Isipokuwa ulipolazwa."

"Na kifungo?"

Popo alijikuna shingo. Aliona haya, mtu mzima na mvi zake. "Kifungo nilikuwa nakifungua nikifika kwenye kona."

Mama Vifungo alikaa kwenye kiti cha pili. Alikuwa na hasira bado, ila haikujua tena iende wapi. Miaka yote alihesabu zile dakika nne kuwa ni bahati ya barabara. Kumbe mtu alikuwa anazinunua, tena kwa damu, halafu anakwenda nyumbani kuandika habari za gesi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Wewe unakwenda, mimi narudi."

"Ungeandika! Kalamu unayo!"

"Sikujua inavyoandikwa," alisema Popo. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

Akaiweka juu ya goti, akakata kwa mstari mmoja lile neno lake la shwari, kama wanavyofundishwa walinzi, bila kufuta. Chini yake akaandika kwa herufi za taratibu, ulimi pembeni ya mdomo. Akampa. Mama Vifungo akaisogeza mbali na macho yake, maana miwani ilikuwa ndani.

"Tukio. Saa saba na nusu mchana. Mke anataka kuhama. Mlinzi alikuwa amelala."

Aliisoma mara mbili. Kicheko kilimtoka kwanza, machozi yakafuata nyuma yake mbiombio, mpaka akalazimika kutumia ncha ya kitenge. Popo alimtazama kwa wasiwasi, hajui kama hicho ni kicheko au kilio, na akatoa kitambaa chake endapo kingehitajika.

"Nimeona," Mama Vifungo alisema, alipopata pumzi. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa imejaa, ilibidi yaliyobaki ayaseme kwa mdomo. "Kwa binti nitakwenda. Nimeshaahidi."

"Sawa."

"Sijamaliza. Mtoto mchanga unamjua? Mchana amelala, usiku macho kodo. Anataka mtu wa kukesha naye. Mimi ikifika saa tatu mimi si mtu. Nani mwingine katika ukoo huu anajua kukesha?"

Popo aligeuka akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu wafike kumtazama bila kutazama mlango nyuma yake.

"Miezi mitatu?" aliuliza.

"Miezi mitatu. Halafu tunarudi kwetu, wote wawili. Na lile daftari nitampa binti aandike humo habari za nepi."

Bado aliogopa, tusidanganyane. Woga wa miaka haufuliwi kwa maji ya siku moja. Lakini mchana ule walikaa kibarazani mpaka wakaitwa kula, na walizungumza habari za mlinzi wa getini, za mashine ya vifungo, za mama yake Popo alivyokuwa akiimba vibaya. Mezani mhudumu aliona midomo inatembea, akajisifu jikoni kwamba ni lile ua lake. Kulala walilala wakati mmoja. Popo aliamka mara nne kupima kitasa, na kila alipoamka mkewe alimwambia, "Kimefungwa, rudi," naye akarudi.

Asubuhi ya mwisho upepo ulikuwa umekwenda zake. Walitoka pamoja saa tatu, Popo amevaa shati lililofungwa mpaka kooni na suruali iliyokunjwa magotini, miguu myeupe ya mtu asiyejua jua. Mtunza bustani alikuwa anamalizia ubao: "Bahari leo: shwari."

Popo alisimama akausoma. "Umekwenda kuangalia," aliuliza, "au umeandika tu?"

"Nimekwenda, mzee. Nimeingia mpaka kiunoni."

"Basi hapo sawa."

Mama Vifungo alinyoosha mkono kwenye shati la mumewe, akakishika kile kifungo cha juu, na safari hii akakifungua. Kisha akakumbuka taulo, akamwambia angoje palepale, akarudi mbio chumbani.

Taulo lilikuwa juu ya kitanda. Alipolichukua mkono wake uligusa shuka, upande wake, akanyoosha akagusa na upande wa pili. Kote kulikuwa kumepoa. Alisimama kidogo, kiganja juu ya shuka, mpaka akasikia sauti ya mwanamume ikiita kutoka nje, kubwa, ya mchana kweupe, "Mama Watoto! Maji yanakuja!" Akafunga mlango, akaacha ufunguo ukining'inia, akaenda.